Herufi Zinazokimbia: Muda, Silabi na Maandishi Yaliyohuishwa katika Wavuti

0. Utangulizi

Mwanafunzi wa isimu hufundishwa mapema kwamba ishara ya lugha hukunjuka katika wakati. Ferdinand de Saussure, ambaye mafundisho yake yalichapishwa mwaka 1916 baada ya kifo chake, alisisitiza kwamba kiashiria, maadamu ni cha kusikika, kina upande mmoja tu, nao ni mfuatano: silabi haitamkwi pamoja na nyingine, bali huifuata. Maandishi huulaza mfuatano huo juu ya karatasi, na hapo wakati hugeuka kuwa mstari. Kisha msomaji huurudisha mstari kuwa wakati, kwa kasi aitakayo mwenyewe. Hukimbia penye wepesi, husita penye ugumu, hurudi nyuma pale alipopotea.

Ipo aina moja ya maandishi inayoyavunja mapatano hayo. Ni maandishi yaliyohuishwa, yaani yale yanayojitokeza, kusogea na kutoweka juu ya skrini kwa muda uliopangwa na mtunzi. Haya ni tawi la sanaa ya michoro-mwendo, ambayo ilizaliwa katika sinema kabla ya kuingia katika wavuti. Mwaka 1958 filamu ya Vertigo ilifunguliwa kwa mizunguko iliyochorwa kwa mashine ya John Whitney, chini ya usanifu wa Saul Bass. Na mwaka 1960 Whitney huyo alianzisha huko California kampuni aliyoiita Motion Graphics. Lakini sinema humpa mtazamaji mwendo uliokwisha kupigwa picha. Wavuti humpa kitu kingine: maagizo yaliyoandikwa, ambayo mashine yake mwenyewe huyatekeleza papo hapo. Kwa hiyo msanii wa wavuti huandika mara mbili. Huandika maneno yatakayosomwa na watu, na huandika programu itakayosomwa na mashine ili maneno hayo yatembee.

Makala haya yanatetea hoja moja. Katika maandishi yaliyohuishwa, mahali panapokatwa neno na muda unaopewa kila kipande ni sehemu ya maana yenyewe, kama vile mizani ilivyo sehemu ya shairi. Mikato inayotolewa na zana za kawaida, yaani mkato wa neno na mkato wa herufi, haikutoka katika Kiswahili wala haikifai sana. Hoja hiyo itajengwa kwa kuhakiki kazi mbili mashuhuri za lugha ya Kiingereza, kisha itapimwa kwa mifano ya Kiswahili.

1. Chombo na vipimo vyake

Mhakiki wa shairi la jadi hahitaji kujua kalamu ilitengenezwaje. Mhakiki wa maandishi yaliyohuishwa hana ruhusa hiyo, kwa sababu chombo huweka kipimo cha muda kabla ya mtunzi kutia neno la kwanza.

Kwa miaka mingi chombo hicho kilikuwa Flash. Kilitolewa mwaka 1996 na kampuni ndogo ya FutureWave kwa jina la FutureSplash Animator, kikanunuliwa na Macromedia na kupewa jina jipya. Adobe nayo iliinunua Macromedia mwaka 2005. Siri ya kuenea kwake ilikuwa wepesi. Flash haikuhifadhi mchoro kama rundo la nukta, bali kama hesabu ya mistari na mikunjo yake, hivyo kazi ndefu iliweza kupita katika waya mwembamba wa simu. Mtunzi alipewa mstari wa wakati uliogawanywa katika fremu, na kwa muda mrefu kipimo kilichokuja na programu hiyo kilikuwa fremu 12 kwa sekunde. Maana yake ni kwamba kila fremu ilidumu takriban milisekunde 83. Mtunzi ambaye hakukibadili kipimo hicho hakuweza kulipa neno milisekunde 100 kamili: lilipata 83 au 167, hakuna katikati. Mizani ilikuwamo ndani ya chombo, hata kama mtunzi hakuiona.

Siku hizi kazi hiyo hufanywa na kivinjari chenyewe, kwa lugha ya mitindo ya CSS, kwa michoro ya SVG na kwa programu za JavaScript. Skrini nyingi hujichora upya mara 60 kwa sekunde, yaani kila baada ya milisekunde 16.7 hivi, na mtunzi anaweza kukipanga kipande chake kwa usahihi zaidi. Hata hivyo anakabiliwa na uamuzi ambao wanafunzi wengi huupita bila kuutambua. Je, programu yake ihesabu hatua au ihesabu saa? Anayehesabu hatua huagiza herufi isogee kidogo kila skrini inapojichora. Kazi hiyo ikipelekwa katika skrini inayojichora mara 120 kwa sekunde, itakwenda kwa kasi maradufu. Anayehesabu saa huuliza kila mara muda gani umepita tangu mwanzo, kisha huiweka herufi mahali panapostahili. Wa kwanza amemwachia muuza skrini mizani yake; wa pili ameishika mkononi.

Jambo la tatu ni namna ya kuanza na kutua. Kitu kinachosogea kwa kasi moja tangu mwanzo hadi mwisho huonekana kama kimevutwa na kamba. Ndiyo sababu wasanifu hutumia mikunjo ya kasi, mingi ikiwa ya aina inayoitwa kwa jina la Pierre Bézier, mhandisi wa kampuni ya magari ya Renault. Hesabu iliyotumiwa kuchora mabodi ya magari leo hueleza jinsi herufi inavyojivuta taratibu, ikashika kasi, kisha ikatulia. Katika CSS, mtunzi asiyetaja mkunjo wowote hupewa mmoja uliokwisha kuamuliwa, wenye namba 0.25, 0.1, 0.25 na 1. Kwa hiyo kunyamaza kwake si kutochagua. Kurasa elfu za watu wasiojuana huinuka na kutua kwa mwendo mmoja, kana kwamba wote walifundishwa kutembea na yaya mmoja.

2. Kazi mbili

2.1. Dakota

Kazi ya kwanza ni Dakota, iliyotoka mwanzoni mwa miaka ya 2000. Watunzi wake ni Young-hae Chang na Marc Voge, wanaofanya kazi huko Seoul, Korea Kusini, kwa jina la Young-Hae Chang Heavy Industries. Mwonekano wake ni wa ufukara wa makusudi. Herufi ni nyeusi, mandhari ni nyeupe, chapa ni Monaco, na hakuna picha. Neno au fungu dogo la maneno hujaza skrini, hutoweka, na jingine hushika nafasi yake, huku ngoma za Art Blakey, mpigaji wa jazi wa Marekani, zikiendesha kila badiliko. Hapana kitufe cha kusimamisha wala cha kurudisha nyuma.

Kwa maana ya kawaida, hakuna kinachosogea katika Dakota. Herufi haipai wala haizunguki, na hakuna mkunjo wa kasi hata mmoja. Kuna kukatwa tu: neno hili, kisha lile. Mwendo wote umo katika tofauti ya muda baina ya mkato na mkato. Neno fulani hukaa hadi msomaji aanze kulitilia shaka, na mengine hupita kabla hajamaliza kuyatambua. Kadiri hadithi inavyoendelea kasi hupanda, na karibu na mwisho maneno hukimbia hivi kwamba jicho hupata umbo bila kupata maana.

Je, huo ni ufundi au ni ukatili tu? Watunzi wameeleza kwamba kazi hiyo imejengwa juu ya usomaji wa karibu wa sehemu za mwanzo za Cantos za Ezra Pound. Nayo Canto ya kwanza imejengwa juu ya kitabu cha kumi na moja cha Odisea, pale Odiseo anapokwenda kuzungumza na wafu. Safari ya vijana walevi katika gari, barabarani kupitia Dakota, ni kivuli cha safari hiyo ya kale. Tukio la kusema na wafu halina utulivu: vivuli husongamana, kila kimoja kikitaka kusikika. Ikisomwa hivyo, kasi ya mwishoni si pambo. Msomaji anasongwa na maneno kama msafiri anavyosongwa na vivuli, na kushindwa kwake kusoma ni sehemu ya kisa. Hapo muda umefanya kazi ambayo maneno peke yake yasingeweza kuifanya.

2.2. The Dreamlife of Letters

Kazi ya pili ni The Dreamlife of Letters ya mshairi wa Marekani Brian Kim Stefans, ya mwaka 2000, iliyotengenezwa pia kwa Flash. Asili yake ni mjadala kuhusu fasihi na jinsia. Stefans aliyachukua maneno ya mchango wa Rachel Blau DuPlessis, akayapanga kwa alfabeti, kisha akayafanya vishairi vidogo na kuvipa mwendo. Kwa takriban dakika 11, tangu A hadi Z, maneno huteleza, hugongana, huvunjika na kuzaa mengine. Herufi moja huanguka kutoka katika neno, na neno hugeuka. Kiambishi cha mwanzo kinachoshirikiwa na maneno kadhaa husimama peke yake, na mizizi hujipanga foleni ikisubiri kukipata.

Kazi hii ni kinyume cha Dakota karibu kwa kila hali. Mle neno halitikisiki na muda ndio unaocheza. Huku muda ni mpole na herufi ndizo zinazocheza. Uzuri wake hauna shaka. Lakini mhakiki mwaminifu atakiri kwamba si kila mchezo una sababu. Pale ambapo herufi husogea na kuleta neno jipya, mwendo umekuwa sarufi: msomaji ameona kwa macho jinsi neno linavyoundwa. Pale ambapo neno huzunguka na kupaa bila kugeuka kitu kingine, mwendo umebaki kuwa dansi. Dansi hupendeza mara ya kwanza. Mara ya tano jicho huanza kusubiri ipite.

Kutokana na kazi hizi mbili kinapatikana kigezo cha uhakiki. Mwendo unastahili mahali pake pale unapofanya jambo ambalo maneno yakilala kimya hayawezi kulifanya: kugeuza maana, kuahirisha maana au kuizuia kwa makusudi. Dakota hukidhi kigezo hicho karibu wakati wote, ingawa kwa njia moja tu. The Dreamlife of Letters hukikidhi kwa njia nyingi, ingawa si wakati wote.

3. Mkato wa Kiswahili

Kazi zote mbili zimesimama juu ya tabia ya Kiingereza ambayo wenyewe hawana haja ya kuitaja. Kiingereza kina maneno mengi mafupi ya silabi moja. Ukikikata kwa neno, unapata mapigo madogo yanayokaribiana urefu, mfano wa mapigo ya ngoma. Ndiyo maana Dakota huweza kulipa neno pigo lake na bado sentensi ikatembea.

Kiswahili hakikubali mkato huo kirahisi. Ichukuliwe sentensi hii: "Hatukumwona aliyetupigia ngoma." Kwa maandishi ni maneno matatu, Kifaransa na Kiingereza zingehitaji zaidi. Ikikatwa kwa neno, msomaji hupewa ghafla silabi 5, kisha 7, kisha 2. Programu ikitoa muda ule ule kwa kila neno, "aliyetupigia" litapita kabla halijasomwa na "ngoma" litakaa hadi lichoshe. Kosa si la msomaji. Ni la mtunzi aliyeazima saa ya lugha nyingine.

Tena, mpaka wa neno si jambo ambalo Kiswahili kimelipata tangu asili. Wasomaji wa Lubumbashi wanakijua kitabu kilichoandikwa mwaka 1965 kuhusu historia ya mji wa Elisabethville, kilichotungwa na André Yav kwa ajili ya wafanyakazi wa nyumbani wa zamani, na kuchapishwa na Johannes Fabian mwaka 1990. Ndani yake maneno yameunganishwa na kutengwa bila kufuata desturi ya shule, na Fabian alieleza kwamba ilibidi yasomwe kwa sauti ndipo maana ijitokeze. Nafasi nyeupe kati ya maneno ni mapatano ya maandishi ya shule. Sikio la Mswahili halikuwahi kuihesabu.

Mkato wa herufi nao hauna nafuu. Programu iliyoagizwa kuleta alama moja moja italileta neno "ng'ombe" kwa kuanza na n, kisha g, kisha king'ong'o, ilhali alama zote tatu ni sauti moja. Herufi katika tahajia ya Kiswahili si kipimo cha sauti wala cha maana. Ni tofali tu.

Kipimo ambacho Kiswahili kimekuwa nacho kwa karne nyingi ni silabi, na washairi ndio waliokihifadhi kwa jina la mizani. Mtunzi wa utenzi huhesabu mizani 8 katika kila kipande, awe anaandika kwa herufi za Kiarabu au za Kilatini. Kwa mfano, vilinganishwe vipande viwili vilivyotungwa kwa ajili ya makala haya: "Mwendo wa neno ni saa" na "Hatutawakaribia". Kila kimoja kina mizani 8, lakini cha kwanza kina maneno matano na cha pili neno moja. Kila neno likipewa milisekunde 250, kipande cha kwanza kitadumu sekunde moja na robo na cha pili robo ya sekunde. Mshairi yeyote atasema shairi limevunjika. Kila silabi ikipewa milisekunde 250, vyote viwili vitadumu sekunde 2 kamili, na kina kitaangukia mahali pake kila mara. Saa ya mashine na mizani ya mshairi zitakuwa zimepatana.

Kuiandika kanuni hiyo katika programu si kazi kubwa, na hapa Kiswahili kina bahati ambayo Kiingereza hakina. Silabi zake karibu zote huishia kwa irabu; yatosha kuiagiza mashine ikate baada ya kila irabu. Yanabaki mambo machache, hasa ile m au n inayojitegemea, kama katika m-tu, m-ke, n-chi na n-ne. Mengi ya hayo yanaweza kuorodheshwa. Lakini lipo moja lisiloweza kuachiwa mashine. Katika "mtu mbaya", neno "mbaya" lina silabi tatu, m-ba-ya, kwa kuwa m hiyo ni kiambishi cha ngeli ya watu. Katika "njia mbaya" lina silabi mbili, mba-ya. Tahajia ni ile ile. Anayejua tofauti ni mjuzi wa sarufi, si programu. Msanifu wa maandishi yanayotembea, akitaka asitaka, amekuwa mwanaisimu.

Faida inakwenda mbali kuliko hesabu. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, isipokuwa katika maneno machache. Neno "barabara" likiwa na maana ya njia hufuata kanuni, bara-ba-ra, mkazo ukiwa kwenye silabi ya tatu. Likiwa na maana ya sawasawa, mkazo hurudi kwenye silabi ya pili. Kwenye karatasi hakuna linalozitenganisha maana hizo ila muktadha. Kwenye skrini, mtunzi anaweza kuishikilia silabi ya mkazo milisekunde mia zaidi ya wenzake, na neno likajitofautisha lenyewe mbele ya macho. Maandishi yatakuwa yamepata kitu ambacho tahajia haikuwapa tangu mwanzo.

Kadhalika kwa mofimu. Kitenzi cha Kiswahili ni msafara: katika "hatukumwona", ukanushi hutangulia, kisha mtenda, kisha wakati, kisha mtendwa, ndipo kitendo. Msikilizaji huambiwa "hapana" kabla ya kujua nani hakufanya nini. Neno likitupwa skrini nzima kwa mara moja, mpangilio huo hufa. Likijengwa hatua kwa hatua, ha, hatu, hatuku, hadi litimie, msomaji huishi tena ile shaka ya msikilizaji. Au iwekwe "-takusahau" isitikisike katikati ya skrini, na mbele yake "ni" ipishane na "si". Kitu kimoja tu kimesogea, tena silabi moja, na ahadi imegeuka kuwa kinyume chake. Stefans alilazimika kuivunja lugha yake ili apate viambishi vinavyocheza. Mtunzi wa Kiswahili amevikuta tayari vimejipanga.

4. Nani mwenye muda?

Hadi hapa muda umezungumzwa kama mali ya mtunzi. Lakini kila milisekunde anayoipanga ameichukua kutoka kwa msomaji, na mhakiki hana budi kuuliza kama ameichukua kwa haki.

Anayetetea kasi ya Dakota anaweza kusema kwamba hali hiyo si ngeni: mghani wa utenzi naye hushika muda, na hadhira hufuata. Ulinganisho huo una upungufu mmoja mkubwa. Mghani huona nyuso. Akiona wazee wamekunja vipaji hurudia. Akisikia vicheko husubiri. Msikilizaji anaweza kumwomba arudie, naye akarudia. Kitabu hakioni nyuso, lakini humngoja msomaji. Skrini inayokimbia haioni wala haingoji. Imechukua amri ya mghani bila kuchukua macho yake.

Anayelipia gharama hiyo kwanza ni msomaji anayesoma lugha isiyo yake. Mtu aliyelelewa katika Kiingereza ataachwa na Dakota karibu na mwisho, kama watunzi walivyokusudia. Mtu ambaye Kiingereza ni lugha yake ya tatu au ya nne, baada ya lugha ya nyumbani, Kiswahili na Kifaransa, ataachwa mapema zaidi, mahali ambapo hakuna aliyekusudia. Kwake kisa cha kusongwa na wafu kitageuka kuwa kisa cha kushindwa mtihani. Huo si uamuzi wa sanaa. Ni dhana kuhusu msomaji ambayo haikuchunguzwa.

Wapo pia ambao mwendo huwaumiza mwili. Mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa wavuti, katika toleo lake la Desemba 2008, uliagiza kwamba kitu kisimulike zaidi ya mara 3 kwa sekunde moja kupita kiwango kilichowekwa, kwa sababu mmuliko waweza kuamsha kifafa. Uliagiza pia kwamba kinachojisogeza chenyewe kwa zaidi ya sekunde 5 kando ya maudhui mengine kiwe na njia ya kusimamishwa. Tangu mwaka 2017 vivinjari vilianza kumwezesha msomaji kutangaza katika mashine yake kwamba anataka mwendo upunguzwe, na programu ya ukurasa inaweza kuliuliza tangazo hilo na kulitii. Mistari michache ya programu yatosha.

Baadhi ya wasanii huyaona masharti hayo kama pingu. Yamkini ni kinyume chake. Kazi inayompa msomaji njia ya kusimamisha haipotezi muda wake. Inalazimika kustahili kutosimamishwa. Na mtunzi anayekataa kwa makusudi, kama watunzi wa Dakota, aweze kuonyesha ndani ya kazi yenyewe kwa nini alikataa. Dakota inaweza kujieleza hivyo. Nyingi zilizoiga kasi yake haziwezi.

5. Kifo cha chombo

Suala la mwisho linahusu hifadhi. Mwezi wa Julai 2017 Adobe ilitangaza kwamba itaacha kuitunza Flash. Utunzaji ulikoma tarehe 31 Desemba 2020, na tangu tarehe 12 Januari 2021 programu yake ya kuchezesha kazi hizo ilizuia maudhui ya Flash yasionyeshwe. Kazi za zaidi ya miaka 20 zilibaki kama maandishi ambayo msomaji wake amekufa.

Zimefunguliwa njia mbili za uokozi. Ya kwanza ni kuigeuza kazi kuwa video. Njia hiyo imezifaa kazi za Young-Hae Chang Heavy Industries, na kwa hoja iliyokwisha kutolewa sababu inaeleweka: maana yao imo katika maneno, mikato na muda, na video huvihifadhi vyote vitatu. Njia ya pili ni kiigaji, programu mpya inayosoma faili za zamani na kuzitekeleza upya. Kinachojulikana zaidi ni Ruffle, ambacho Internet Archive ilianza kukitumia Novemba 2020. Njia hii hulinda zaidi, kwa kuwa kazi hubaki kuwa maagizo na haigeuki picha ya maagizo. Lakini kiigaji kikikosea muda wa fremu, shairi litasomeka na mizani yake itakuwa imekwenda.

Wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili wanalitambua tatizo hili kwa jina jingine. Utenzi ulionakiliwa bila sauti ya mghani umehifadhiwa nusu. Utenzi ulionaswa katika kanda bila kunakiliwa nao umehifadhiwa nusu. Kwa maandishi yaliyohuishwa, hifadhi kamili ingekuwa na vitu vitatu pamoja: maneno yenyewe, programu iliyoyaendesha, na jedwali la muda linaloeleza kwa lugha ya binadamu kila kipande kilikaa kwa muda gani. Jedwali hilo halitegemei kampuni yoyote. Laweza kuandikwa juu ya karatasi, na mtunzi wa miaka 50 ijayo akaichezesha upya kazi hiyo kwa chombo ambacho leo hakina jina.

6. Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba katika maandishi yaliyohuishwa muda si chombo cha kubebea maana, bali ni sehemu ya maana. Dakota imeweza kufanya mengi kwa mkato na kusubiri tu. The Dreamlife of Letters imeonyesha kwamba mwendo hufikia kilele chake pale unapokuwa sarufi. Zote mbili zimekata lugha mahali ambapo Kiingereza hukatika.

Kiswahili hukatika kwingine. Kina silabi zilizo wazi, kina mkazo unaotabirika, kina kitenzi kinachojijenga hatua kwa hatua, na kina jadi ndefu ya kuhesabu mizani. Anayetaka kukitembeza kwenye skrini hahitaji kuanza na programu. Aanze kwa kuisoma sentensi yake kwa sauti, mbele ya mtu anayeweza kumwambia arudie, na ahesabu kwa vidole. Hesabu hiyo ikishatimia, ndipo aiandike kwa lugha ya mashine.